Viwanda vikihama, moshi unakuwa wa nani?

Kisulisuli: Wadau naomba msaada wa mawazo. Nchi tajiri zinasema hewa yao ni safi kuliko miaka ya 70, sawa, lakini si viwanda vingi vya chuma na nguo vimehamia Asia halafu bidhaa zinarudi kwao kwa meli? Sasa sheria ya mazingira inamkamata nani, anayetengeneza au anayenunua? Mi naona moshi umehamishwa tu.

Mizani: Umegusa penyewe. Kwenye hesabu za Mkataba wa Paris wa 2015 kuhusu tabianchi, kaboni (gesi ya moshi inayopasha dunia joto) inaandikwa kwa nchi yenye kiwanda, siyo kwa anayevaa shati, ndo maana mnunuzi anaonekana msafi. Ila tusiseme yote ni kuhamisha, hewa ya London au Los Angeles ilisafishwa na sheria pia, makaa ya mawe yakabanwa, magari yakawekewa vichujio kwenye ekzosi. Na Ulaya sasa wana tozo ya kaboni mpakani, chuma, simenti, alumini na mbolea vinavyoingia kuanzia 2026 vinahesabiwa moshi wake.

Bahari7: Hiyo tozo ndo inaniuma kwakweli. Karne nzima wamechoma makaa wakatajirika, leo anayeanza kujenga kiwanda analipishwa na pesa inabaki hukohuko Ulaya! Ingerudi kusaidia huyo huyo abadilishe mitambo ningeelewa.

Kwenye meli lakini nakubali sheria imefanya kazi, tangu 2020 salfa kwenye mafuta ya meli imeshushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5 dunia nzima, maana meli isipokaguliwa baharini itakaguliwa bandarini.

Upepo_wa_kusi: Halafu kuna moshi unaovuka wenyewe. 1997 misitu na udongo wa mboji viliungua Indonesia, Singapore na Malaysia wakashindwa kupumua. Mkataba wa ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, wa kuzuia moshi huo ukasainiwa 2002, Indonesia ikauridhia 2014, miaka 12 jamani watu wanakohoa! Singapore mwaka huohuo wa 2014 wakatunga sheria yao, kampuni ikisababisha moshi unaofika kwao inashtakiwa hata kama moto uliwashwa nje ya nchi.

Kisulisuli: Hiyo ya Singapore nimeipenda, inamfuata mwenye kampuni. Ila ushahidi wanaupataje kama shamba liko nchi nyingine?

Upepo_wa_kusi: Picha za setelaiti, mwelekeo wa upepo na ramani za umiliki wa mashamba. Ramani ndo ngumu, serikali ya upande wa pili ikigoma kuzitoa kesi inakwama.