Naomba ushauri: mpunga na nyasi za bondeni vinanichanganya kwenye picha za setilaiti

Wakuu, habari za kazi. Nachora ramani ya matumizi ya ardhi Bonde la Kilombero, nione mashamba yameongezeka kiasi gani tangu miaka ya 1990. Picha za zamani natumia za setilaiti za Landsat, za kuanzia 2016 za setilaiti za Sentinel-2. Nachakata kwenye Google Earth Engine (huduma ya mtandaoni ya kuchakata picha za setilaiti), namalizia QGIS (programu ya kuchora ramani).

Nimekwama kwenye mpunga. Masika, mpunga ukiwa umesimama shambani, mawingu yanafunika bonde. Picha safi nazipata kuanzia Juni, na hapo wengi wameshavuna. Mabua makavu na nyasi za bondeni vinatoa rangi karibu ile ile, basi programu inaniwekea malisho kuwa shamba, na shamba kuwa malisho. Nilizunguka na GPS kuhakiki pointi 60. Karibu theluthi zilikuwa zimekosewa. Tena shamba la ekari moja kwenye Landsat ni pikseli (vijiraba vinavyounda picha) nne na kitu tu, kwa hiyo wanaopotea ni wakulima wadogo. Hilo linaniuma, maana nataka ramani hii isaidie mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji.

Nafikiria kuongeza setilaiti ya Sentinel-1, kwa kuwa rada yake inapenya mawingu na maji yaliyotulia kwenye majaruba (vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta) huonekana meusi. Aliyewahi kuitumia kwenye mpunga anisaidie: bonde likifurika, unatengaje jaruba na mafuriko ya kawaida? Na miaka ya 1990, kabla ya Sentinel-1, mlifanyaje?