Seziamu-137 kwenye samaki wa mto chini ya mtambo wa nyuklia: mbona namba hazilingani?

MkondoWaChini:
Wakuu, nina majibu matatu ya seziamu-137 (dutu yenye mionzi inayotoka kwenye vinu na mabomu ya nyuklia), yote ya samaki waliovuliwa chini ya bomba la maji taka la mtambo. Mmoja ana bekereli 4 kwa kilo, mwenzake wa sehemu ileile 35, na wa tatu, aliyepimwa maabara nyingine, 150. Tatizo ni mashine au ni namna ya kuchukua sampuli? Na je, kaunta ya Geiger ya mkononi inaweza kuchuja sampuli kabla ya kuzipeleka maabara?

Kipimagama:
Kaunta weka kando, mkuu. Bekereli 35 kwa kilo ni viini vya atomu 35 tu vinavyovunjika kila sekunde ndani ya kilo nzima. Sehemu kubwa ya mionzi hiyo haiifikii hata tyubu, na ile kidogo inayofika inapotelea kwenye mionzi ya kawaida ya mazingira. Kaunta ikilia juu ya samaki, hapo kuna balaa la aina nyingine kabisa.

Kuhusu 150, usiangalie seziamu kwanza. Angalia potasiamu-40, yaani potasiamu ya asili yenye mionzi, kwenye ripoti hiyohiyo, mstari wa keV 1460 (keV ni kizio cha nishati ya mionzi). Nyama ya samaki yeyote, hata wa mto safi kabisa, ina potasiamu ya gramu 3 hadi 4 kwa kilo, na kila gramu hutoa bekereli 31 hivi. Kwa hiyo nyama mbichi husoma karibu 100. Ikisoma 20, ukokotoaji wa ufanisi wa kitambuzi una kasoro, au uzito umeandikwa vibaya. Ikisoma mia nne na kitu, wamepima nyama iliyokaushwa na hawakusema.

Tofauti ya 4 na 35 haihitaji kosa lolote. Je, ni aina moja ya samaki? Seziamu hufuata njia ya potasiamu na kukaa kwenye misuli, na anayekula samaki wenzake hubeba zaidi kuliko mla mimea. Maji yenye potasiamu kidogo nayo huwafanya samaki wafyonze seziamu zaidi, kwa hiyo usilinganishe mito miwili kienyeji.

Mashapo_na_Matope:
Naongezea upande wa sampuli, maana huko ndiko kazi nyingi huharibikia.

Chagua aina mbili, anayewinda na anayekula chini kwenye tope, na kila aina iwe ya urefu unaokaribiana. Vua pia juu ya mtambo, ikiwezekana juu ya bwawa au maporomoko ambayo samaki hawawezi kuyapanda. Bila hao huna cha kulinganisha, kwa sababu majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950 na 1960, na Chernobyl mwaka 1986, yaliacha seziamu-137 sehemu nyingi za dunia.

Toa matumbo mapema na suuza. Seziamu hung'ang'ania chembe za mfinyanzi, hivyo tope lililobaki tumboni linaweza kupandisha namba bila nyama kuhusika. Pima uzito wa minofu kabla ya kugandisha. Ikiyeyuka, majimaji yanayotoka huondoka na seziamu, kwa hiyo nayo yaingie kwenye sampuli. Kusanya minofu ya kilo moja au zaidi, saga, jaza chombo cha Marinelli (kile kinachozunguka kitambuzi) cha lita moja hadi alama, bila mapovu ya hewa. Ukiichoma iwe majivu, tanuri lisizidi nyuzi 450. Juu ya hapo seziamu huanza kuruka na moshi. Na subira: kupunguza kiwango cha chini cha ugunduzi (kiasi kidogo kabisa ambacho mashine inaweza kukiona) kwa nusu, muda wa kupima uzidishe mara nne.

Tafuta pia seziamu-134, keV 605 na 796. Nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni miaka 2 tu na haitokani na mabomu, kwa hiyo ikionekana, kuna kinu kilichovujisha si zamani sana.

MkondoWaChini:
Potasiamu-40 ya ile sampuli ya 150 inasoma 430.

Kipimagama:
Basi ni uzito mkavu. Omba asilimia ya maji yaliyoondolewa, usigawe kwa kukisia. Itashuka karibu na 35 yako. Mtu akila kilo 20 kwa mwaka za samaki wa 35, anapata maikrosiveti 9 hivi kutokana na seziamu-137, wakati kikomo cha kawaida cha umma ni 1,000 kwa mwaka. Japani huruhusu seziamu bekereli 100 kwa kilo, Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, 1,000.

Mfupa90:
Hesabu hiyo ni ya minofu tu. Strontiamu-90 hukaa kwenye mifupa na haitoi gama (mionzi inayopenya, ambayo mashine yenu hupima) ya kupimika, kwa hiyo mashine yenu haiioni kabisa. Mto Techa nchini Urusi, ambako kiwanda cha nyuklia cha Mayak kilimwaga taka kati ya 1949 na 1956, strontiamu ndiyo iliyobaki kuwa kero. Kama walaji hutafuna dagaa wazima na miiba yao, choma mifupa peke yake, tenganisha strontiamu kikemia, subiri wiki mbili yitriamu-90 (zao la kuvunjika kwa strontiamu) ijijenge, kisha pima mionzi yake ya beta. Na kabla ya yote ulizeni mtambo unamwaga nini hasa. Kwenye mto Columbia nchini Marekani, vinu vya nyuklia vya Hanford vilivyopozwa kwa maji ya mto moja kwa moja viliwajaza samaki fosforasi-32 na zinki-65. Fosforasi-32 ina nusu-maisha ya siku 14, na sampuli ikikaa miezi kadhaa kwenye friza hutaiona tena.