Mabomba ya chuma yameoza: nizibe tena au nibadilishe yote?

Wakuu, nyumba ya zamani, mabomba ya chuma yamefukiwa ukutani. Maji ya kwanza asubuhi hutoka mekundu kama udongo. Fundi ameshaziba mara tatu. Akiziba hapa, panatoboka pale. Juzi alikata kipande cha nusu inchi, kutu imejaa ndani hadi penseli haipiti. Nivunje ukuta wote?

— Pole mkuu. Hiyo penseli imeshakujibu. Bomba likiliwa kwa ndani, ukikaza huku, uzi (mikato ya kukazia kiungo) wa kule unakatika. Weka PPR, mabomba ya plastiki: yanaunganishwa kwa moto, nyuzi joto 260 hivi, hakuna uzi wa kushika kutu. Ukuta usivunje wote. Ya zamani yafungie maji, yafie humo humo, mapya yapitishe njia nyingine.

— Fundi akitaka kuunga shaba moja kwa moja na chuma kilichobaki, kataa. Chuma kitaliwa haraka pale kwenye kiungo. Na PPR ya nje uifunike, jua huiharibu.

— Pimeni presha ya mabomba kabla ya plasta! Mimi niliharakisha hadi kupaka rangi. Wiki haikuisha, ukuta ukaanza kutoka jasho.

— Asanteni. Koki kuu yenyewe haifungi, naanzia hapo.