Ule mpira wa Carrington: tulipaswa kushangilia? (Mjadala wa mwishoni mwa 2025)

Mwanzisha mada, Arua

Jumapili ya tarehe 13 Aprili 2025 ilikuwa moja ya siku chache ambazo Washington Wizards, timu yetu ya mpira wa kikapu kwenye ligi ya NBA ya Marekani, walicheza sisi huku tukiwa macho. Mechi zao nyingi huanza saa nane au saa tisa usiku kwa saa zetu, lakini siku ile ya mwisho ya msimu walianza saa mbili usiku, kule Miami. Nilikaa nje kwenye ukuta wa jirani, ndipo mtandao unaposhika, bando likiwa limebaki kidogo. Sekunde za mwisho tuko nyuma. Bub Carrington, kijana wa miaka 19, anainuka, anarusha, mpira unaingia. 119-118. Nilipiga kelele mpaka mama wa nyumba ile akatoka kuuliza kuna msiba gani.

Simu ikaita papo hapo. Rafiki yangu, tumeshabikia timu hii pamoja tangu shule, alikuwa amekasirika kweli. "Unashangilia nini? Tumejiharibia." Nikanyamaza, maana nilielewa anachosema.

Kwa wasiofuatilia: timu zilizofanya vibaya ndizo zinazotangulia kuchagua vijana wapya kwenye drafti, na nafasi nne za kwanza hupangwa kwa bahati nasibu. Timu tatu za mkiani zina nafasi sawa ya kupata namba moja, asilimia 14 kila moja. Lakini wa mwisho kabisa hawezi kushuka chini ya namba tano. Anayemfuata anaweza kushuka hadi sita. Ushindi wa Miami ulikuwa wa 18 kwetu, Utah Jazz wakabaki na 17, wakashika mkia peke yao. Tungefungwa, tungelingana nao na ingepigwa kura kati yetu. Mwezi Mei bahati nasibu ikachezwa: Dallas, waliokuwa na asilimia 1.8 tu, wakapata namba moja na Cooper Flagg. Utah wakaangukia tano. Sisi sita.

Kwetu timu hii iliingia kwa mlango wa Manute Bol. Baba alikuwa dereva wa lori la Juba, na safari moja alirudi na ukurasa wa gazeti uliochanwa: picha ya Mdinka mwenye urefu wa mita 2.31, aliyechaguliwa na Washington mwaka 1985, timu ikiitwa Bullets. Msimu wake wa kwanza tu alizuia mitupo 397, kuliko mtu yeyote kwenye ligi. Picha ilikaa ukutani kwetu mpaka rangi ikafifia. Mwaka 1997 timu ilibadili jina, mimi sikubadili timu. Ubingwa wao pekee ni wa 1978, na baada ya msimu uliofuata hawajashinda tena mechi 50 katika msimu mmoja. Kwa hiyo nisifundishwe subira, ninayo.

Mwaka 2023 walimpeleka nyota wao Bradley Beal Phoenix, uongozi mpya wa Michael Winger ukaanza kujenga upya. Msimu wa kwanza tukashinda 15 na kufungwa 67. Wa pili, 18 kwa 64, na ndani yake mechi 16 mfululizo bila ushindi. Kufungwa kwenyewe hakuniogopeshi. Ninachoogopa ni kufungwa kukigeuka kuwa ndiyo mpango wenyewe. Mkulima wa kahawa huku Zombo akipanda mche anajua atangoja kama miaka mitatu, lakini katika miaka hiyo anapalilia na kupogoa. Haukati mche kila mwezi wa tatu akitumaini atapewa mwingine mzuri zaidi.

Naomba hoja zenu. Timu inajengwa kwa kufungwa? Na usiku ule, mimi na rafiki yangu, nani alikuwa sahihi?

Wa Wandegeya, Kampala

Kaka wa Arua, pole, lakini rafiki yako alikuwa sahihi.

Tazama Oklahoma City. Msimu wa 2020-21 walishinda 22, wakafungwa 50. Uliofuata 24 kwa 58, na humo humo Memphis wakawapiga 152-79, tofauti ya pointi 73. Hakuna timu iliyowahi kuaibishwa hivyo. Baada ya hapo hesabu ushindi wao: 40, 57, 68. Juni 2025 wakachukua ubingwa mbele ya Indiana kwenye mechi ya saba. Na Will Dawkins, meneja wetu mkuu, ametoka huko huko.

Timu iliyooza ni ile ya katikati. Inashinda 38, inatolewa mapema, inachagua mtoto wa 15, mwaka unaofuata vilevile. Washington walikaa hapo miaka mingi na Beal. Hayo ndiyo maisha mnayotaka turudie?

Mwalimu wa vijana, Jinja

Ndugu wa Wandegeya, hesabu ya Oklahoma tuisome yote. Shai Gilgeous-Alexander hakupatikana kwa kufungwa. Alitoka Clippers Julai 2019, Oklahoma walipomtoa Paul George, na pamoja naye zikaja nafasi tano za kuchagua katika raundi ya kwanza ya drafti. Moja kati ya hizo ndiyo iliyomleta Jalen Williams, aliyechaguliwa wa 12 mwaka 2022. Katika wale watatu wao wakubwa ni Chet Holmgren peke yake, wa pili mwaka 2022, aliyetokana na kufungwa kwao wenyewe. Walijua kuuza na kununua. Kufungwa kulikuwa njiani tu.

Waliojenga kwa kufungwa hasa ni Philadelphia. Mpango ulianza 2013. Msimu wa 2015-16 walishinda mechi 10 kati ya 82. Walimpata Joel Embiid, mtoto wa Yaoundé, na akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023, hilo halina ubishi. Lakini pia walichagua Okafor wa tatu, Simmons wa kwanza, Fultz wa kwanza. Wote watatu walikwisha ondoka, na tangu mpango ule uanze timu haijavuka raundi ya pili ya mchujo hata mara moja.

Niwaambie ninachokiona uwanjani. Kuna mwaka vijana wangu walifungwa mechi tisa mfululizo. Mechi za mwanzo walikuwa wanalia. Kufikia ya tano machozi yakaisha, nikafurahi, nikadhani wamekomaa. Kumbe walikuwa wameacha kurudi kwenye ulinzi. Hakuna aliyekaa akaamua kutorudi. Mpira ukipotea, mtu anatembea hatua mbili kabla ya kukimbia, basi, hatua mbili tu, na mpinzani keshafunga. Mwaka uliofuata nilipata watoto wazuri wawili, warefu, wenye mikono. Ndani ya mwezi nao wakawa wanatembea zile hatua mbili. Wamejifunza kwa wenzao. Ilinichukua msimu mzima kuzitoa miguuni mwao, na kwa mmoja sikufaulu.

Kwa hiyo Carrington aliporusha ule mpira kwenye mechi ambayo kila mtu aliiona haina maana, mimi nilimwona mtoto ambaye bado hajaanza kutembea.

Mzee wa soka, Bombo

Wanangu, mimi wa soka. Kwenye ligi yetu hapa Uganda anayemaliza mkiani anashuka daraja. Mwezi wa mwisho wa msimu, timu za chini zinapigana kama zinazama. Kijana wangu amenieleza mara tatu kwamba huko Marekani wa mwisho ndiye anayefikiriwa kwanza, na mara zote tatu nimemwambia hapana. Sasa naona ni kweli. Hii si kuuza mechi?

Wa Wandegeya, Kampala

Shikamoo mzee. Si kuuza mechi. Walio uwanjani wanacheza kwa nguvu zao zote, wengi wao wanatafuta mkataba. Ofisi ndiyo inayoamua nani apumzishwe. Ligi inalijua hilo: zamani wa mwisho alikuwa na asilimia 25 ya kupata namba moja, tangu 2019 imeshushwa hadi 14. Na Machi 2025 Utah walitozwa dola 100,000 kwa kumpumzisha Lauri Markkanen.

Mzee wa soka, Bombo

Marahaba. Basi huyo anayeamua nani apumzishwe ndiye ninayemuuliza mimi. Na dola laki moja kwa timu ya mabilioni haiumi. Ikimpata mchezaji mmoja mkubwa, itakuwa imemnunua kwa bei ya bure.

Wa Koboko

Mimi niliacha Januari. Kuamka saa tisa usiku, bando linakwisha, asubuhi kazini macho mekundu, na robo ya tatu mechi imeshakufa. Naipenda bado. Lakini sina nguvu ya kuamka kwa ajili ya watu ambao viongozi wao hawahitaji washinde.

Dada wa takwimu, Tororo

Mnabishania mpira uliokwisha ingia. Mtego uko msimu wa 2025-26, na sioni mtu anautaja.

Mwaka 2020 Washington walimpeleka John Wall Houston, wakampata Russell Westbrook, na juu yake wakaahidi nafasi ya raundi ya kwanza. Ahadi ile imepita mikono kadhaa na mwaka huu wa 2025 inashikwa na New York Knicks. Sharti lake la mwisho ni hili: drafti ya 2026, nafasi ya Wizards ikiangukia ndani ya nane za kwanza, wanabaki nayo na kulipa nafasi mbili za raundi ya pili badala yake. Ikiangukia ya tisa au zaidi, inakwenda New York.

Sasa fikirini. Tuseme vijana wetu wamekua: Alex Sarr amekua, Kyshawn George amekua, Tre Johnson anarusha kama alivyotarajiwa, na kufikia Februari tuna ushindi 25. Kwa timu nyingine hiyo ni habari njema. Kwetu ofisi itaanza kuhesabu deni. Watoto watakuwa wanaadhibiwa kwa kujifunza haraka. Ndiyo maana hofu ya kaka wa Arua naiona ina msingi, kuliko yeye mwenyewe alivyoieleza.

Na mfano wangu ni Detroit. Misimu miwili mfululizo walimaliza wa mwisho kabisa, drafti ya 2023 na ya 2024, na mara zote mbili bahati nasibu ikawatupa namba tano. Walifungwa mechi 28 mfululizo. Mkia haukuwaokoa. Walipotoka, walitoka kwa kumleta kocha J.B. Bickerstaff na wakongwe wanaojua kazi, Tobias Harris, Malik Beasley, Tim Hardaway Jr., wakawaweka ubavuni mwa Cade Cunningham. Kutoka ushindi 14 hadi 44 kwa mwaka mmoja, zaidi ya mara tatu. Sisi nasi mwaka huu wa 2025 tumewaleta wakongwe CJ McCollum na Khris Middleton. Nataka kujua kama wameletwa wacheze na vijana au mikataba yao inangojewa iishe.

Wa Wandegeya, Kampala

Dada, huyo Cade alichaguliwa wa kwanza mwaka 2021, baada ya Detroit kushinda mechi 20 tu. Toa mwaka ule mbaya, umemtoa Cade. Wakongwe wale wangezunguka nani?

Ila hili la Knicks limenigusa. Mimi nimekuwa nikisema tuvumilie mwaka mmoja zaidi. Ukiliweka hivyo, mwaka mmoja zaidi ndio huo hasa ambao ofisi ina sababu ya kututaka tufungwe. Bado nasema nafasi ile isiende New York. Kuwapa wale nafasi ya tisa baada ya miaka mitatu ya mateso, hapana, siwezi. Lakini siwezi tena kusema hakuna gharama.

Mwalimu wa vijana, Jinja

Mimi ningewapa. Nafasi ya tisa ni mtoto mmoja ambaye hujui atakuwa nani. Hawa vijana tulio nao tunawajua tayari.

Mwanzisha mada, Arua

Asanteni. Mzee wa Bombo, swali lako nimelibeba mpaka kwa rafiki yangu, naye hakuwa na jibu.

Nilimpigia jana, nikamsomea maneno ya mwalimu wa Jinja kuhusu hatua mbili. Alikaa kimya, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: kwamba usiku ule wa Miami naye alisimama mpira ulipoingia. Alisimama kwanza, hasira ilikuja baadaye, alipofungua msimamo wa ligi. Carrington alicheza mechi zote 82 za msimu ule, hakukosa hata moja, katika timu iliyofungwa 64. Kijana wa namna hiyo siwezi kumwombea akose.

Dada wa Tororo umenionyesha mahali pa kutazama, kwa hiyo sitahesabu tena ushindi peke yake. Kuanzia Februari nitaamka kwa ajili ya robo ya nne. Mechi ikiwa ya pointi tano au sita zikibaki dakika sita, nitaangalia nani yuko uwanjani. Sarr, George, Carrington na Johnson wakiwa ndani, na mkongwe kando yao, tukafungwa, nitalala vizuri kwa saa moja iliyobaki kabla ya kwenda kazini. Wakiwa benchi, wazima, wamevaa fulana za mazoezi, Wa Koboko nitakupigia simu.