Mrejesho: ile biashara ya kuunganisha watu niliyoulizia

Wakuu nimerudi na mrejesho. Kwa ambao hawakuwepo, niliulizia kampuni moja ya virutubisho, unanunua pakeji ya kuanzia halafu unaingiza watu chini yako, nikataka kujua ni biashara au ni upatu umevalishwa suti, yaani hela za wanaoingia ndo zinalipa waliotangulia.

Sijajiunga. Nilifuata ushauri wa yule aliyesema nisiulize nitapata ngapi, niulize hela inatoka wapi. Basi nikamwomba aliyenialika anichanganulie tu, kwenye kipato chake kiasi gani kimetoka kwa wateja wa kawaida ambao hawajajiunga na kiasi gani kwa watu aliowaingiza, aisee jamaa akaanza kunitumia picha za gari la bosi wao na voisi noti ndefuu ya "badilisha fikra". Nikarudia swali, akanambia nina roho ya umaskini 😂

Mkataba ndo ulimaliza kabisa: ili ubaki mwanachama hai lazima ununue bidhaa kila mwezi, uuze usiuze, na zikikudodea hawazipokei. Halafu pigeni hesabu, kila mtu akileta 6 na kila mmoja wao 6, ngazi ya 13 peke yake inataka watu zaidi ya bilioni 13, dunia nzima haifiki huko, sasa wa chini watamwalika nani?

Waliosema kampuni zote za hivi ni utapeli mi sikubaliani, zipo zinazouza kweli kwa watu wa nje na zinarudisha mzigo, ila hii sio. Aliyenialika ameshanibloku.