Mrejesho: buibui wa chooni na wa chini ya viti, Wete

Ahsanteni nyote mlonijibu. Niliuliza kuhusu buibui wawili: mkubwa wa ukutani chooni, na mdogo wa chini ya viti vya plastiki barazani.

Mkubwa ni mla mende, kama mlivyosema. Mwili bapa, miguu imetanda upana wa kiganja, hatandi utando. Chini ya kifua kakumbatia mfuko mweupe wa mayai, basi ni jike. Akibanwa huuma, na inauma hasa, ila sumu yake si ya kumtia mtu hatarini. Kaachwa palepale.

Wa vitini ndiye wa kuangaliwa. Picha ya mgongo haisaidii, maana rangi yake huanzia kijivu hadi kahawia iliyoiva. Pindua kiti, mulika tochi: tumboni ana alama ya rangi ya chungwa, iliyobanwa katikati. Ushahidi mzuri zaidi ni mayai: vifuko vya duara, kama sentimita 1, vina vijimiba mithili ya stafeli. Huyo ni Latrodectus geometricus, buibui mjane wa kahawia, mwenye sumu.

Vifuko vimetolewa kwa kijiti na kupondwa, kwa sababu dawa ya kupuliza haipenyi vizuri hariri yake. Utando umefagiliwa kwa chelewa. Kiti kishikwe kwa juu, vidole visipite chini ya ukingo.

Huyu wa vitini akiuma, osha kwa sabuni, weka barafu ndani ya kitambaa. Usichanje wala usifunge kamba. Maumivu yakitambaa, misuli ikikaza au jasho likimtoka aliyeumwa, hospitali, khasa akiwa mtoto.