Kumbebesha aliyeshindwa gunia la unga mbele ya mji mzima: utani au udhalilishaji?

Kibatari: Wakuu, kwenye miji midogo ya Marekani karne ya 19, watu waliwekeana dau la uchaguzi lisilo la pesa. Mgombea wako akianguka, unamsukuma mwenzako kwenye toroli, mji mzima unatazama. Mwaka 1864 mjini Austin, Nevada, mwenye duka Reuel Gridley, mtu wa Democratic, aliwekeana dau na Dk. Herrick wa Republican juu ya umeya. Atakayeshindwa abebe gunia la unga la pauni 50 apite nalo mjini. Gridley akashindwa, akabeba, bendi inamsindikiza. Mimi nasema bora hivyo kuliko kupigana mawe. Mnasemaje?

Bi Tatu: Aibu tupu. Utani una wenyewe. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana mpaka msibani na hakuna anayenuna, kwa sababu walirithi. Huyo daktari alirithi utani na nani?

Mlugaluga: Mbona kuna yule Weston! Aliweka dau kuwa Lincoln hashindi urais wa 1860. Aliposhinda, jamaa akatembea kwa miguu Boston hadi Washington, siku kumi, akawahi kiapo.

Kibatari: Hakuwahi. Alifika 4 Machi 1861 kiapo kimeshapita saa kadhaa. Alichowahi ni dansi ya usiku.

Mlugaluga: Sawa, lakini alitembea.

Wakili wa Kata: Tusiruke jambo kubwa. Katiba ya New York ya 1846 iliruhusu sheria ya kumnyima kura mtu aliyeweka dau juu ya uchaguzi huo. Waliona mwenye dau anapigia kura mfuko wake, na dau linaweza kuwa njia ya kupitishia rushwa.

Chuma cha Pua: Pauni 50 si ni kilo 22 na ushei? Huo nao mzigo wa kumwonea mtu huruma? Labda angekuwa mwanamke.

Mama Shughuli: Kaka Chuma, hapo umenigusa. Ndoo ya lita 20 nimeanza kuibeba nina miaka kumi na miwili, na baadaye mtoto mgongoni juu yake. Sikuwahi kupigiwa bendi. Mwanaume kabeba unga siku moja, mpaka leo tunamjadili!

Chuma cha Pua: Dada, mimi sijakutaja.

Mama Shughuli: Umesema "labda angekuwa mwanamke". Nani mwingine huyo?

Bi Tatu: Mwambie!

Kibatari: Jamani, hamjasikia mwisho wake. Gridley alilinadi lile gunia kuwasaidia majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Aliyelinunua akalirudisha linadiwe tena, na tena. Akazunguka nalo Virginia City, San Francisco, hadi majimbo ya mashariki. Hesabu inayotajwa sana ni zaidi ya dola 250,000. Aibu gani inaleta hiyo?

Bi Tatu: Na yeye je? Alirudi afya imeharibika, biashara imeanguka, akafa 1870. Wenye kucheka walikuwa wapi?

Wakili wa Kata: Hakuna aliyejibu la kura.

Mlugaluga: Wakili, watu wazima walikuwa wanafurahi. Kijijini kwetu jamaa aliweka dau ng'ombe wa maziwa, watoto wakalala njaa. Afadhali gunia.

Chuma cha Pua: Mama Shughuli, nimekosa kwa lile neno. Ila ndoo naibeba, tena bila kumwaga tone.

Mama Shughuli: Kutoka bombani hadi kwangu ni kupandisha mlima. Kichwani, si begani.

Chuma cha Pua: Kichwani.

Kibatari: Na akimwaga?

Mama Shughuli: Anajaza pipa langu wiki nzima. Saa kumi na moja alfajiri, kaka. Na kata ya kichwani uje nayo mwenyewe.